Binti Mfalme Mwenye Nyusi Iliyokatika

Osaka, Wadi ya Taisho
9 Februari 1978

Mwalimu Urano Shigeo,

Baridi bado haijatuachia, lakini sikuandikii habari za baridi. Naitwa Nakabori Tome. Nina miaka sabini na moja na nafagia nywele katika duka la kinyozi, kwa Bwana Higuchi, karibu na daraja. Nakuita Mwalimu kama wanavyoitwa wachoraji wote wa katuni, ingawa katuni zako sizisomi. Wiki iliyopita mteja alisahau gazeti kwenye kiti, Bwana Higuchi akawa analisoma huku anacheka mpaka mkasi unamcheza mkononi.

"Bibi, hebu njoo uone! Huyu mtu anajisimulia alivyoanza kuchora katuni baada ya vita. Pua kajichorea kama figili!"

Nikamwambia mimi nina nywele za kufagia. Akanisomea kwa sauti hivyo hivyo.

Alinisomea pale unapoeleza kwamba kitabu chako cha kwanza, cha mwaka 1949, kiliharibiwa na fundi wa kunakili, mzee mlevi mwenye pua nyekundu, aliyemchukua binti mfalme wako mrembo akamfanya kioja: sikio moja limechomoza kama mkono wa birika, nyusi ya kushoto imekatika katikati, jino la mbele halipo. Wateja wote wakacheka. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka kumi na moja nimefanya kazi pale, sijawahi kukikalia.

Fundi huyo alikuwa mume wangu, Nakabori Eizaburo. Hakuwa mlevi. Tumbo lake halikukubali hata kikombe kimoja. Pua ilikuwa nyekundu kwa sababu mwenye kiwanda hakuwasha makaa. Hilo tuliache.

Binti mfalme huyo ni mwanangu Fusae. Alianguka kwenye ngazi ya kisima akiwa na miaka minne, nyusi ikapasuka, na nywele hazikuota tena pale. Alikufa katika moto wa Machi 1945, akiwa na miaka sita. Jino lilikuwa limeng'oka siku tatu kabla. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Mume wangu alifariki mwaka 1956, na hakuniambia hata siku moja kwamba alimchora mahali popote. Tulikuwa tumekubaliana tusimtaje.

Mwalimu, sura ya mwanangu sinayo tena. Uso wa mwisho niliouona haukuwa uso. Kila nikimtafuta yule wa kabla, huyu wa mwisho ananitangulia mlangoni. Nyusi naijua, sikio nalijua, jino nalijua, kama mtu anavyojua vitu vilivyokuwa kabatini. Lakini havikai pamoja vikawa mtoto.

Kama unacho kitabu hicho, naomba nikione. Nitakirudisha.

Nakabori Tome


Tokyo, Nerima
14 Februari 1978

Mama Nakabori,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Mke wangu akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamjibu, "Mimi hapa, kwa aibu." Akasema basi nife nje, sakafu ameshaipiga deki. Ndiyo heshima ninayopata nyumbani kwangu, mtu mzima wa miaka arobaini na saba.

Naomba radhi kwa ulevi. Niliutunga. Mhariri wangu husema katuni isiyo na mlevi ni kama supu isiyo na chumvi, na mimi, kwa kuwa nilishajichora mwenyewe mjinga, mchafu na mwenye pua ya figili, nilidhani nimepata ruhusa ya kuwachora na wengine. Ruhusa hiyo sikupewa na mtu. Sura ijayo nitamwondolea mzee ile chupa.

Nyakati zile unazijua kuliko mimi. Wachapishaji wadogo wa Osaka hawakuwa na uwezo wa kupiga picha kurasa zetu. Mtoto wa mji wa Sakai kama mimi alipeleka karatasi zake, na fundi akazinakili mstari kwa mstari, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya bamba la zinki la kuchapia. Msomaji alichokiona ni mkono wa fundi, wangu hakuuona kamwe. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilipofungua kitabu changu cha kwanza nikamkuta binti mfalme kibogoyo ananichekea, nililia kama niliyeibiwa baiskeli. Leo nacheka. Au nilikuwa nacheka, mpaka barua yako ilipofika.

Kitabu chenyewe sina. Nakala zangu zilipotea nilipohamia Tokyo. Vilikuwa vitabu vya karatasi mbaya, watoto waliviazima dukani, wakavisoma huku wanakula viazi vya kuchoma, wakavirudisha bila majalada. Lakini siku hizi kuna watu wazima wanaovitafuta kwa udi na uvumba. Nitawaendea mmoja mmoja. Nakuahidi, Mama, nitakipata.

Mzee nilimwona mara chache tu, kainama juu ya bamba lake. Baada ya pale sikujua alielekea wapi.

Kwa unyenyekevu,
Urano Shigeo


Osaka
20 Februari 1978

Mwalimu Urano,

Nimepata barua. Mkeo ni mwanamke mwenye akili.

Unasema hukujua alielekea wapi. Hakuelekea popote. Alibaki palepale kwa Inaoka, mchapishaji wako, mpaka mapafu yalipokataa. Ila kazi ya kunakili aliiacha vuli ya mwaka uleule wa kitabu chako, baada ya miaka ishirini na miwili. Siku hiyo alirudi mapema. Nikamuuliza, "Una nini?" Akasema macho yamechoka, amemwomba Mzee Inaoka ampe kazi nyingine. Nilishangaa kidogo, maana macho yake yaliona sindano iliyodondoka chini ya mkeka. Lakini mwanamume akisema macho yamechoka utambishia na nini?

Nakueleza haya kwa kuwa sasa nadhani alichoka kumwona. Huenda kumchora ukurasa baada ya ukurasa kulimzidi, akaomba aondolewe. Nikiwaza hivyo nalala vizuri kidogo. Alikuwa naye, akamuaga mwenyewe, akaondoka kwa hiari yake.

Bwana Higuchi anauliza kila asubuhi, "Bibi, kitabu kimefika?" Wateja nao wanauliza. Hata wasio na nywele.

Tome


Nagoya, 9 Machi 1978
(kadi ya posta)

Mama Nakabori,

Niko Nagoya kwa daktari wa meno mmoja, Bwana Tsukuda, mwenye vitabu vya katuni elfu mbili alivyovifunga karatasi ya plastiki kama samaki wa sokoni. Amekitaja kitabu changu! Nikanyoosha mkono. Akaniambia, "Nawa kwanza." Nikanawa. "Nawa tena." Nikamwambia, "Daktari, mimi ndiye niliyekichora." Akasema, "Hiyo si sababu ya kukishika bila glavu." Hakipo hapa, kipo kwa shemeji yake huko Gifu. Anakifuata mwisho wa mwezi. Nimemwahidi kumchorea picha ya jino lenye taji. Usikate tamaa.

Urano


Tokyo
2 Aprili 1978

Mama Nakabori,

Kitabu hiki hapa. Usikirudishe, ni chako. Jalada limechanika lakini kurasa zote zipo.

Miaka mingi imepita na karatasi imekuwa ya njano, kwa hiyo usishangae baadhi ya mistari ikionekana tofauti na nilivyoieleza kwenye gazeti. Sisi wachoraji tunatia chumvi. Macho ya mama huona kuliko ya wengine.

Nina sura mbili za kumaliza wiki hii, niwie radhi kwa barua fupi.

Urano


Osaka
7 Aprili 1978

Mwalimu Urano,

Kitabu kilifika Jumanne. Nilioga kwanza. Nikavaa kimono changu kimoja kizuri. Nikafunga mlango nikakifungua.

Si yeye.

Nimetazama kurasa zote mia moja na ishirini na nane. Huyu msichana nyusi zake mbili ni nzima. Meno yote yapo, na yamepangwa kama punje za hindi. Masikio yamelala. Huyu ameshiba, Mwalimu. Hajawahi kula viazi vya njaa ya vita wala kuviota ndotoni. Nikadhani ni macho yangu, nikampelekea Bwana Higuchi. Akavaa miwani yake ya kunyolea, akatafuta, akatafuta, akasema taratibu, "Bibi, hapa hakuna kibogoyo." Wateja hawakucheka.

Yeye ndiye aliyegeuza ukurasa wa nyuma akanisomea: toleo la pili, Novemba 1949.

Mume wangu aliacha kunakili mwezi Oktoba.

Ulikitazama kitabu hiki kabla ya kukifunga. Mtu aliyelia kwa ajili ya uso ule akiwa na miaka kumi na minane hawezi asijue kwamba huu ni mwingine. Uliniandikia habari za macho ya mama ili nijidanganye mwenyewe, nikushukuru. Mimi ni mzee, Mwalimu. Mjinga ni yule uliyemchora na pua ya figili.

Niambie kilichotokea Oktoba.

Nakabori Tome


Tokyo
23 Aprili 1978

Mama Nakabori,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu za kwanza kulikuwa na mzaha ndani yake, nikazichana.

Nilijua. Daktari aliponifungulia kitabu niliona kwamba ni toleo la pili. Nikajiambia utaona unachotaka kuona. Nilikutumia nikiwa na akili timamu.

Mumeo hakuchoka macho. Ni mimi.

Kitabu kilitoka Juni, na kikauzwa kuliko kitabu chochote cha Inaoka mwaka ule. Nikajiona nimefika. Kisha barua za watoto zikaanza kuja, na Mzee Inaoka akawa ananisomea huku anacheka. Hakuna aliyeandika habari za mazimwi yangu au majumba yangu ya angani. Wote waliandika kuhusu yule msichana. "Mwalimu, mwambie binti mfalme jino litaota." "Mwalimu, mimi pia nina kovu, langu la goti." Mmoja alituma karanga tatu kwenye bahasha, za binti mfalme, azitafune upande wenye meno.

Mama, walimpenda, na hakuwa wangu. Kwenye gazeti niliandika kwamba nililia kwa sababu uso ulikuwa mbaya. Si kweli. Nililia kwa wivu. Mtu nisiyemjua jina alikuwa ametia kwenye kurasa zangu kitu kinachopumua, na mimi sikujua kukifanya.

Nikamwendea Inaoka Oktoba. Nikamwambia, "Ama yeye ama mimi."

Akasema, "Wee mtoto, Nakabori ana miaka ishirini hapa. Wewe una miezi minne."

"Lakini jalada lina jina langu."

"Lina jina lako, na uso wake ndio unaouza."

"Basi mwambie achore vitabu vyote."

Akanitazama, akatafakari. Alijua ningehamia kwa mchapishaji wa mtaa wa pili. Akamwita mumeo. Mzee akaja akiwa na aproni, ana wino mpaka viwikoni. Inaoka akamwambia mabamba yatanakiliwa upya na fundi mwingine, kwa sababu mchoraji hajaridhika. Mumeo akageuka kwangu. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akainama mpaka nikaona utosi wake. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Mkono ulinizidi."

Alikuwa mtu mzima wa kwanza maishani kuniita Mwalimu.

Nakala zangu za toleo la kwanza hazikupotea. Zilikuwa sita. Niliwashia nazo moto wa kuogea.

Nimeomba kwa watu kumi na saba sasa. Hakuna mwenye toleo lile. Lakini uso huo nilikaa nao miezi minne nikiuchukia, na kitu unachokichukia unakijua. Nimejaribu kuuchora. Naambatanisha. Ukitaka, nitaieleza habari hii yote kwenye gazeti, na kumchora mwanao alivyokuwa, wasomaji wajue.

Siombi kitu.

Urano Shigeo


Osaka
12 Mei 1978

Urano,

Kuhusu gazeti: usimtie Fusae humo. Alichapishwa mara moja, akafutwa. Inatosha.

Sasa nikueleze usilolijua, maana mimi pia sikulijua mpaka barua yako. Kazi aliyopewa Oktoba ilikuwa kusugua mabamba. Zinki ilikuwa adimu, unakumbuka. Kitabu kikimalizika, bamba lilimwagiwa mchanga na maji, likasuguliwa mpaka mchoro utoke, likanakiliwa kingine. Alirudi nyumbani na mchanga kwenye kucha kwa miaka saba. Ndio uliokula mapafu.

Siku ya mazishi, mwenzake wa kazi, Bwana Obata, alikunywa kidogo akasimulia vituko vya marehemu, kama watu wanavyofanya. Akasema, "Nakabori alikuwa na mkono mwepesi, mabamba thelathini kwa siku. Ila kuna wiki moja mwaka wa kwanza, alikuwa akikaa na bamba moja kutwa nzima. Anasugua pembeni, pembeni tu. Katikati hagusi. Msimamizi akamfokea mbele ya wote, 'Unalipapasa au unalisugua?' Ndipo akasugua." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwongezea sake. Nilidhani ni habari ya uvivu.

Hakumuaga mtu kwa hiari. Ulimpa mchanga amsugue mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu kuombwa msamaha: unasema huombi kitu, lakini karatasi yote inaomba. Hilo ungemwandikia yeye. Mimi sina ruhusa ya kupokea kwa niaba yake.

Mchoro wako naurudisha. Huyu ni mtoto wa tangazo la sabuni. Umemkata nyusi kama anayekata keki, halafu ukamwachia macho ya kupendeza yaombe radhi kwa ajili ya nyusi. Nimeweka alama nyekundu, kwa kalamu ya Bwana Higuchi ya kuandikia miadi.

Nimegundua jambo. Alivyokuwa sikumbuki. Lakini asivyokuwa najua papo hapo, kama ulimi unavyojua jiwe kwenye wali. Kwa hiyo chora. Utakosea, nitakuambia. Ni kazi uliyoifanya sana, hiyo ya kukosea.

Tome


Tokyo
16 Juni 1978

Mama Nakabori,

Mchoro huu ni wa tisa. Kidevu nimekishusha ulivyosema. Nilifikiri wa nane ulikuwa karibu, mpaka nilipoona umeupiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, hata bila neno. Wahariri wangu wote watano kwa pamoja hawajawahi kunitenda hivyo.

Mkono ndio tatizo. Una miaka thelathini ya kurembesha. Nikiuacha bila kuutazama, unaweka nyota kwenye jicho. Jana nilimkuta huyu mtoto ana kope kama mwigizaji wa filamu, na naapa sikuzichora mimi.

Urano


Osaka
24 Juni 1978

Urano,

Wa tisa narudisha. Shavu halikuwa hivyo. Mtoto wa mwaka 1945 hakuwa na shavu la kubana. Macho yake hayakutazama kwa pamoja: la kulia lilichelewa kidogo, kama linalofuata jingine dukani. Hilo sikulijua mpaka niliponyanyua kalamu kulifuta lako.

Jana niliota Fusae ananiuliza, "Mama, mbona huyo mjomba ananikosea?" Nikamwambia, "Mvumilie, ndio anajifunza." Nilipoamka sikukumbuka alikuwa na uso gani alipokuwa anauliza.

Kope: ziondoe.

Tome


Tokyo
19 Agosti 1978

Mama Nakabori,

Kuanzia wa kumi na tano nimeacha kuchora.

Nimechukua karatasi nyembamba, nikaiweka juu ya ule wa kumi na nne wenye alama zako, nikanakili. Kila kitu kama kilivyo, isipokuwa mstari mmoja tu, ule uliougusa kwa wekundu. Kisha nasubiri barua yako, nanakili tena, nagusa mmoja mwingine. Sitafuti uzuri wala ubaya. Sijui hata uso unaelekea wapi. Nainamisha kichwa nafuata. Shingo inauma mahali ambapo haijawahi kuuma. Nadhani ndipo ilipokuwa ikimuuma yeye.

Katuni ya gazetini nimeisimamisha. Nimemwambia mhariri hadithi ya maisha yangu imefika mahali nisipoweza kuendelea kuchekesha. Akasema wasomaji watasubiri mwezi mmoja, si miwili. Nikamwambia wasisubiri.

Ndani ya bahasha ni wa ishirini na mbili. Wa ishirini na moja ulirudi na alama moja tu, kwenye mdomo. Nimeigusa. Mke wangu alipita, akautazama begani kwangu, akauliza huyu ni mtoto wa nani. Nikautia kwenye bahasha.

Urano


Osaka
2 Septemba 1978

Urano,

Wa ishirini na mbili: mdomo sasa umefungwa mno. Alikuwa anaficha pengo lakini alikuwa anasahau kulificha. Mstari mmoja. Ufungue kiasi cha kupita karanga.

Usiandike barua safari hii. Tuma mchoro tu.

Tome


Osaka
29 Septemba 1978

Urano,

Wa ishirini na tatu ulifika tarehe kumi na moja. Sijakuandikia kwa sababu sikujua niandike nini.

Nilikaa nao na kalamu nyekundu mkononi siku tatu. Nikamtazama asubuhi, nikamtazama jioni. Sikuona cha kufuta. Nikafikiri, labda sasa sioni tena chochote, macho yamezoea. Labda katika hizi barua zote wewe na mimi tumetengeneza mtoto mwingine, nusu wako nusu wangu, na Fusae amebaki palepale alipokuwa. Sina wa kumuuliza. Aliyejua alisugua mabamba, kisha akafa.

Bwana Higuchi nilimwonyesha. Akatazama sana, akasema, "Bibi, mimi sikumjua. Lakini huyu ni mtu." Akarudi kunyoa.

Jana nilikuwa nimemweka mezani, nimemwegemeza kwenye kopo la chai, nikaenda kuosha bakuli. Birika likaanza kuchemka. Nikaja nalo mbiombio, na kabla sijafikiri nikasema, "Fusae, sogea hapo, utaungua!"

Nikasimama na birika mkononi mpaka maji yakapoa.

Usichore tena.

Nakabori Tome